Mlinzi na Yaya Wako Mstari Mmoja

(Maandishi ya mazungumzo na vijana, Hurlingham, Nairobi)



Ndugu zangu na dada zangu, shukran kwa kuja. Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja na njaa inauma, kwa hivyo sitawaweka sana.

Ukipanda matatu ya kuja huku, mkifika Argwings Kodhek makanga anaanza, "Yaya! Yaya kuna mtu?" Anaulizia steji. Yaya wenyewe hawashuki hapo kwa sababu wengi hawakupanda gari. Saa kumi na mbili asubuhi utawaona wakitoka Makina, kule Kibera, wanavuka Ngong Road kwa miguu, wanaingia mageti ya Hurlingham na Kilimani. Wengi wao ni Waislamu wenzetu. Na wengine wanaingia mageti ya Waislamu wenzetu, tusijifiche hapo.

Sasa, anayemfungulia geti ni soja. Wote wawili wako kazini nyumba moja. Nani analipwa zaidi?

Mnacheka. Jibu mnalo.

Ngoja niwaambie kitu ambacho mimi mwenyewe nilikisoma nikarudia mara mbili. Serikali hutoa amri ya mishahara ya chini. Ile iliyoanza kutumika Novemba 2024 ina mstari mmoja ambao ndani yake kuna mfagiaji, mtunza bustani, yaya wa watoto, mtumishi wa nyumbani na mlinzi wa mchana. Mstari mmoja! Kwa Nairobi amri hiyo iliweka shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na marupurupu ya nyumba hayakuhesabiwa humo. Mlinzi wa usiku amewekwa juu kidogo, na sina ugomvi na hilo. Lakini wa mchana na yaya, kwa sheria, ni sawasawa. Basi hili pengo halikuandikwa na serikali. Tunalichimba sisi, jikoni kwetu.

Tunalichimba vipi? Soja mara nyingi huja kupitia kampuni, na karatasi yake. Yaya huja kwa simu: "Shangazi, nitafutie msichana huko nyumbani." Mshahara unatajwa kwa mdomo, halafu inaongezwa, "lakini anakula hapa." Kwani soja hanywi chai yenu?

Sisi kwa haki za kidini tuko imara, mashallah. Kesi ya hijabu ya shule ya Kiwanjani, Isiolo, tuliifuata mpaka Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi 2019, na uamuzi ule ulituuma. Dada akinyimwa kazi kwa sababu ya mtandio, simu zetu zinawaka moto. Akiipata kazi, akalipwa pungufu ya mwanamume wa meza ya pili, kimya.

Na mimi nimo katika hicho kimya. Miaka michache nyuma nilikaa kwenye kamati ya madrasa moja, siitaji. Tukapitia mishahara. Ustadh na ustadha, darasa sawa, saa sawa, na ustadha alikuwa chini kwa shilingi 4,000. Nikauliza kwa nini. Mweka hazina akasema, "Yeye ana mume." Tukapitisha. Sikusema neno lingine. Baada ya kikao ndipo mtu alinikumbusha kwamba mume wa yule mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Lakini hata angekuwa hai! Hiyo ndiyo hoja ninayotaka mbebe leo. Nafaqa ni deni la mume kwa mkewe. Si punguzo la bei kwa mwajiri. Mume akinunua unga, wewe kamati umepata wapi haki ya kukata mshahara? Surat An-Nisaa, aya ya 32, imemthibitishia kila mmoja, mwanamume na mwanamke, fungu la alichochuma. Na chumo la mke ni lake. Hata mumewe haligusi bila ridhaa yake, sembuse mweka hazina.

Hadithi ya jasho la mfanyakazi nyote mnaijua, siirudii.

Upande wa sheria: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inasema kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa. Mfanyakazi akilalamika kwamba amebaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakumbagua. Sheria hiyohiyo inampa yaya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na miezi mitatu ya uzazi yenye mshahara kamili. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Kuna chama pia, KUDHEIHA, kinachoandikisha wafanyakazi wa nyumbani. Kina dada wengi hawajawahi kulisikia jina hilo, na ni sisi tunaokaa nao tuliopaswa kuwaambia.

Jameni, sisemi mtoke hapa mkagombane na mama zenu. Najua kuna nyumba ambapo anayemlipa yaya naye mshahara wake ni elfu ishirini, na hilo nalo ni zito, tutalizungumza. Ila wengi wetu tuliomo humu hatuko hapo. Tuna Netflix.

Pale mlangoni kuna karatasi nimechapisha, ukurasa mmoja, wenye ule mstari na vile vifungu, kwa Kiswahili. Chukua mbili: yako, na ya anayekufulia nguo.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum.