NYUMBA MGONGONI MWA GARI KUUKUU

(Maneno ya mmoja wa waliosoma hapa, aliyoyasema Kwedizinga mbele ya wenzake na wanafunzi siku ya mkutano wetu)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya maisha baada ya shule. Nilimjibu kwamba hayo nimeyaishi lakini siyajui vizuri. Ninalolijua vizuri ni gari langu, lile mliloliona chini ya mwembe, lenye nyumba mgongoni. Akakubali. Basi nitasema juu ya gari.

Lile ni Land Rover ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Nililinunua mnadani mwaka 1994, nikiwa mwalimu wa hesabu. Nyumba niliijenga mwaka 1996 pamoja na seremala mmoja wa hapa hapa: fremu ya mninga, kuta za plaiwudi, paa la bati. Sababu ilikuwa nyuki. Mizinga yangu iko mbali, upande ambao sasa ni Wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Kurina asali ni kazi ya usiku. Mtu anamaliza saa nane, yuko porini, ananuka moshi, ameumwa mikono na shingo. Akipata kitanda kikavu na mlango wa kufunga, hiyo ni hoteli.

Kwa miaka kumi na mitatu nyumba ile ilikuwa na kitanda, kandili na dumu la maji. Haikunisumbua. Taabu ilianza nilipopata fedha.

Mwaka 2009 nilistaafu, nikalipwa mafao yangu. Nikasema, sasa nyumba iwe nyumba. Nikatengeneza kabati la mninga. Nikaweka tangi la lita 200 juu ya paa ili maji yateremke yenyewe bombani. Nikafunga sola na betri mbili kubwa. Watu walikuja kutazama, nami niliwafungulia mlango kama mwenye duka. Chini ya gari sikuingia hata mara moja. Nilijua springi zimechoka na chesisi ina kutu, lakini hakuna mgeni anayeinama kutazama chesisi.

Aprili 2010, masika yakiwa yameshika, nilifunga safari kwenda upande wa Kwediboma. Nilikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 15, wakati huo mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule hii. Asubuhi, tulipokwisha kupakia mizinga mipya kumi na miwili, alisimama nyuma ya gari akaniambia, "Mjomba, gari limelalia kushoto." Nikamjibu kwamba uwanja ndio wenye mteremko. Akasema tena, "Mjomba, hata jana barabarani lilikuwa hivyo hivyo." Nikamwambia apande tuondoke. Njiani akawa anasinzia, nami nikamruhusu akalale nyuma kitandani. Hilo nalo lilikuwa kosa. Nyumba ya namna ile haipandwi na mtu gari likiwa linakwenda.

Katika korongo moja pleti kuu ya springi ya nyuma kushoto ilikatika. Gari likainama, maji yote ya paani yakakimbilia upande huo huo, na boliti za nyumba ziking'oka pamoja na kipande cha chesisi kilichooza. Nyumba ikateleza ikaanguka ubavu korongoni. Mimi nilibaki kwenye usukani bila hata mchubuko. Nilimwita yule kijana mara tatu, kimya. Mara ya nne akaitika. Lile kabati langu la mninga lilikuwa limemwangukia, na mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika.

Nikiwa nimekaa nje ya wodi siku ile, nilichukua kalamu nikafanya hesabu ambayo ningempa mtoto wa kidato cha kwanza. Nyumba na kabati kilo 380. Tangi na maji yake 210. Betri 60. Mizinga 180. Vifaa, chakula na tairi la akiba 120. Sisi wawili 120. Jumla kilo 1,070. Gari la namna ile, likiwa jipya na springi zake mpya, mzigo wake si zaidi ya tani moja. Langu lilikuwa na miaka 32, na kilo 210 niliziweka juu kabisa, mahali pabaya kuliko pote. Nilifundisha hesabu miaka mingi, na sikuwahi kujumlisha vitu nilivyovipakia kwa mikono yangu.

Gari lilikaa juu ya magogo miaka minne. Dada yangu hakusema nami kwa muda mrefu, na alikuwa na haki. Aliyelirudisha barabarani ni yule yule mpwa wangu. Alipomaliza shule alijifunza kuchomelea, na mwaka 2014 alikuja nyumbani na nyundo ndogo. Akaingia chini, akaanza kugonga chesisi inchi kwa inchi. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza hutoa sauti ya debe lenye mchanga. Kila palipokuwa kimya alichora duara kwa chaki. Alipotoka niliona chaki nyingi kuliko chuma.

Wanaotaka kufufua gari la namna hii wasikilize tulivyofanya.

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama chuma, na ndiyo inayowadanganya watu. Chesisi ni chuma, ina uwazi ndani kama boksi, na matope yakiingia humo hula kutoka ndani. Tulikata vipande vibovu, tukachomelea vipya, tukatoboa matundu ya kutolea maji, tukapaka oili nzito ndani. Kabla ya kuchomelea, betri tuliitoa. Mahali aluminiamu inapogusana na chuma tuliweka raba ya mpira wa ndani wa tairi, kwa maana vitu hivyo viwili vikikutana na unyevu, aluminiamu huliwa.

Springi tulibadili zote mbili za nyuma. Watu walinishauri niongeze pleti tu. Kuongeza pleti juu ya chesisi mbovu ni kuhamisha mzigo kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Nyumba tuliijenga upya kwa kilo 240. Kila kipande tulikipima kwa mzani wa magunia kabla ya kukiunganisha. Boliti zake za nyuma zina springi ndogo na raba, kwa sababu chesisi hujipinda kwenye mashimo, na nyumba ya mbao ikibanwa moja kwa moja lazima kitu kipasuke. Tangi sasa ni la lita 60, liko sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma. Mwaka 2022 niliacha betri za risasi, nikanunua moja ya lithiamu yenye uzito wa kilo 12, na fyuzi yake iko karibu kabisa na betri. Jiko la mkaa haliingii ndani, hata kuwe na baridi ya namna gani; hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na humwua mtu usingizini.

Mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili. Nati za magurudumu hukazwa tena baada ya kilomita 50 za kwanza. Na kabla ya safari yoyote, yule fundi wangu hulala chini ya gari na tochi. Akisema hatuondoki, hatuondoki. Yuko pale, safu ya tatu. Bega lake la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia.

Wenzangu wazee, mtoto akikuambia gari limelalia kushoto, shuka ukatazame. Nanyi wanafunzi, mkubwa asipowasikia mara ya pili, semeni mara ya tatu. Mpwa wangu alisema mara mbili, na hilo la tatu ningepaswa kulisema mimi mwenyewe.

Baada ya chakula nitakuwa pale mwembeni. Njooni wannewanne, na msivae shati jeupe. Nitawapa nyundo, mwingie chini, mniambie mnasikia nini.