Urithi wa Kiwanda ni Ujuzi wa Fundi



Katika Nembo ya Taifa limechorwa jembe likipishana na shoka. Lakini mkulima afikaye Msimbazi leo, akaingia katika maduka ya zana yanayolizunguka Soko la Kariakoo, hukuta majembe mengi yenye chapa za nchi za mbali. Jambo hili lastahili kufikiriwa.

Ufuaji wa chuma si elimu iliyoletwa na meli. Huko Buhaya, wataalamu wa mambo ya kale wamethibitisha kuwa chuma kiliyeyushwa yapata miaka 2,000 iliyopita. Wafipa walijenga tanuri ndefu za udongo, malungu, na majembe ya wahunzi wa bara yalitolewa mahari. Yalipoingia majembe rahisi ya viwanda vya Ulaya, mivukuto ya wahunzi ilinyamaza mmoja baada ya mwingine.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, moto huo uliwashwa upya. Kiwanda cha Zana za Kilimo cha Ubungo, UFI, kilijengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China. Humo chuma kilikatwa, kikatiwa moto, kikapigwa hata kikawa jembe. Mpita njia huiona kazi hiyo kuwa nyepesi. La hasha! Chuma kikiwa laini mno, jembe hupinda katika ardhi ngumu. Kikiwa kigumu mno, huvunjika penye jiwe. Kipimo cha katikati hukaa katika jicho na mkono wa fundi.

Uhaba wa fedha za kigeni wa miaka ya 1980 uliviminya viwanda vingi nchini, na ulegezaji wa biashara wa miaka ya 1990 ukafungulia mlango bidhaa za nje. Hatimaye UFI nayo ilinyamaza.

Kuta zikibomoka hujengwa tena, na mashine hununuliwa. Fundi akizikwa na ujuzi wake, hapana duka la kuununua. Gerezani, jirani na Msimbazi, nyundo zingali zikilia. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ingalipo. Basi fundi mzee na apewe vijana wa kuwafunza angali hai, na mnunuzi alidai jembe imara lililofuliwa nchini.

Mwacha asili ni mtumwa. Taifa lililochora jembe katika nembo yake halina budi kujua kulifua.