Kichaka cha Majani ya Fedha

Msikilizaji, baridi ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri kwenye nyanda za Kanada na kaskazini mwa Marekani, kuna kichaka kisichobabaika: Shepherdia argentea, chenye majani ya rangi ya fedha na miiba ya kuheshimiwa. Wengi wanaokipanda bustanini hukosea mahali pamoja. Hununua mche mmoja, husubiri miaka, wasione hata tunda. Kumbe ni kama mpapai wetu: kuna dume na jike, na jike akiwa peke yake hazai. Basi panda vyote viwili, penye jua. Mbolea usihangaike nayo. Mizizi yake, kama ya mvinje wa pwani, hushirikiana na bakteria kunasa naitrojeni ya hewani, ndiyo maana hustawi hata kwenye udongo hafifu.

Matunda ni madogo, mekundu, na ukali wake unakunja uso. Ngoja jalidi ya kwanza ipite, ukali upungue kidogo. Kisha tandika shuka chini, piga matawi kwa fimbo, ukapike jemu. Mimi ningekipanda mbali na wanapochezea watoto: huchipua kutoka mizizini, na miiba yake haichagui mguu.