Nakala Pekee Isisafirishwe
Matini ya mazungumzo kwa watunza kumbukumbu, Buhare, Manispaa ya Musoma



Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la mtaa limehamia ndani ya diski ngumu: orodha za wakazi, mihutasari ya vikao, rekodi za chanjo na matokeo ya wanafunzi. Kifaa hicho hutoshea kiganjani, na kwa udogo wake watu husahau thamani ya kilichomo.

Ndani ya diski mna sahani zizungukazo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa cha kusomea, kwa nafasi iliyo ndogo kuliko chembe ya moshi. Diski ikigongwa inapofanya kazi, kichwa huweza kugusa sahani na kukwangua taarifa. Ikizimwa, kichwa huegeshwa mahali salama, nayo huhimili mshtuko mkubwa zaidi. Kwa hiyo iondolewe kwenye kompyuta kwa utaratibu, isubiriwe mpaka mzunguko ukome, ndipo inyanyuliwe.

Safari ya Buhare hadi mjini Musoma ni fupi, lakini ufupi wa njia hauondoi mtikisiko wa bodaboda. Diski izungushiwe sponji nene pande zote, iwekwe katika boksi gumu isimocheza, na isichanganywe na chaja wala funguo. Isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuingia katika hewa yenye unyevu ya kando ya ziwa, ibaki ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto la mahali hapo, kwa maana umande hujitunga juu ya kitu cha baridi.

Ikianguka na kuanza kutoa mlio wa kugonga, izimwe mara moja. Kuiwasha tena na tena huongeza mikwaruzo. Ipelekwe kwa fundi wa kuokoa taarifa.

Hata hivyo, boksi zuri si kinga kamili. Kinga ni nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, na moja kati yake katika jengo jingine. Mwaka 2020 na mwaka 2024 maji ya Ziwa Victoria yalipanda na kufurika kandokando. Nakala zilizo katika kabati moja hulowa pamoja. Kila robo mwaka nakala hizo zifunguliwe na kukaguliwa. Diski inayosafiri ifungwe kwa nywila, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai taarifa za watu zilindwe.

Mjane anayetafuta muhtasari wa kikao kilichotambua mpaka wa kiwanja chake hatafaidika na kuambiwa kwamba diski ilianguka. Basi kabla diski haijavuka mlango wa ofisi, na liulizwe swali moja: nakala nyingine iko wapi?