Nyumba ya Majengo Juu ya Meza: Raha ya Kuunda Modeli na Wenzako

Maneno ya mazungumzo kwa wakazi wa wadi ya Majengo, kaunti ndogo ya Mvita



Mazungumzo ya leo ni juu ya mchezo. Si kandanda wala bao. Ni mchezo wa kukaa na katoni, rula, kisu kidogo na gundi, mtu akaunda kitu kikubwa kwa udogo, na kila sehemu ikapungua kwa kiasi kilekile. Kitu hicho ndicho modeli. Kinachoitofautisha na kigari cha dukani ni kipimo. Ukichagua moja kwa ishirini, kila sentimita 20 za kitu halisi zinakuwa sentimita moja mezani. Mlango wa mita mbili unakuwa sentimita 10, na mtu wa sentimita 170 anakuwa sentimita nane na nusu. Ukivunja hesabu hiyo mahali pamoja, jicho litaona hata kama mdomo hautaweza kueleza kasoro iko wapi.

Hapa Majengo mchezo huu upo, ila haujapewa jina. Pita vichochoroni wakati wa likizo utamkuta mtoto amechutama na matatu ya katoni: magurudumu ya vifuniko vya chupa, vioo vya karatasi ya nailoni, michoro ubavuni kama ile ya gari lenyewe. Muulize, atakwambia gari hilo ni la njia gani na kwa nini bampa yake imeinuka. Kwenye fukwe, kutoka Lamu hadi Vanga, watoto wamechonga vijahazi na vingalawa kwa ndara zilizochakaa, wakavishindanisha maji yanapojaa. Tanga lilikuwa la mfuko wa plastiki, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Sasa ni kitambaa, na wajuao wanasema kitambaa kinashika upepo vizuri zaidi. Wazazi wengi huuona huu kuwa upotezaji wa wakati. Mtoto aliyepima bampa ya matatu kwa macho, akaipunguza na ikakaa sawa, amefanya hesabu ya uwiano bila kutumwa na mwalimu.

Ng'ambo mchezo huu una mashabiki wazima wenye mvi. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa modeli ya trekta la Ferguson mwaka 1949, kwa ajili ya wauzaji wa matrekta, na baadaye ikajulikana duniani kwa ndege na meli za plastiki za kuunganisha. Wapenzi wa ndege huzoea kipimo cha 1:72, wa vifaru 1:35, wa magari 1:24. Watu hao hubishana usiku kucha juu ya rangi ya bawa moja. Anayetaka boksi la aina hiyo hapa kwetu atalipa bei ya kisanduku na bei ya safari yake. Na akishalipa, atapata kifaru cha Kijerumani. Vifaru vya Kijerumani vipo vya kila namna katika maboksi hayo. Nyumba ya Majengo haimo hata moja. Kwa hiyo katoni ya duka la jirani ina faida kuliko boksi la Ulaya.

Sasa habari ya mtepe, kwani ndiyo inayoonyesha mchezo huu unaweza kubeba nini.

Mtepe ulikuwa chombo cha pwani hii, hasa cha visiwa vya Lamu. Mbao zake hazikupigwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kushikizwa kwa vijiti. Tanga lake lilikuwa la mkeka, la mraba, si la pembe tatu kama la jahazi. Omo yake ilinyooka mbele kama shingo ya ngamia. Ulibeba boriti za mikoko ukazipeleka kusini, hadi Zanzibar. Ushonaji wa vyombo ni jambo la kale mno kwetu: kitabu cha safari kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Lakini kufikia katikati ya karne ya 20 mtepe ulikuwa umetoweka baharini. Hakuna mzee mmoja wa zamani uliohifadhiwa mahali, ambao mtu angeweza kwenda na futi akaupima.

Kilichobaki ni maandishi ya wasafiri na watafiti, picha, na modeli. Mtu fulani, kwa mikono iliyoujua mtepe, alikaa akaunda mtepe wa kuweka mezani. Hakuna ajuaye alifanya hivyo kwa ajili ya kuuza, kumpa mgeni zawadi, au kujifurahisha tu jioni. Modeli za namna hiyo ndizo zilizokuja kuchunguzwa na wataalamu kama Mholanzi A.H.J. Prins, aliyeandika sana juu ya vyombo vya Lamu. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000, mafundi walipounda mtepe mzima tena ndani ya Beit al-Ajaib kule Zanzibar, hawakuwa na chombo halisi cha kukiiga. Anayetaka kuona modeli za vyombo vya pwani aende Makumbusho ya Lamu. Aliye hapa kisiwani aanze Fort Jesus, atazame vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliifanyia kazi kati ya 1977 na 1980, wakapima na kuchora mbao zake humohumo chini ya maji, kisha wakazifunika tena kwa mchanga. Kupima kwanza, ndiyo kazi yenyewe.

Kwa nini habari za mtepe ziletwe Majengo, ambako hakuna gati? Kwa sababu Majengo nako kuna kitu kinachoondoka.

Nyumba ya Kiswahili ya mtaa huu kila mtu aliyezidi miaka arobaini anaijua kwa miguu, hata gizani. Baraza mbele, ya kukalia jioni. Mlango, kisha korido inayopasua nyumba katikati, vyumba huku na huku, halafu uani: jiko, choo, kamba ya nguo, mtungi. Kuta za miti ya mikoko na fito, zikajazwa udongo na mawe, zikapakwa chokaa. Paa la makuti zamani, baadaye mabati. Katika nyumba moja wapangaji wa makabila manne, na koridoni harufu ya mchuzi wa kila mmoja wao. Nyumba hizi zinapungua kila mwaka na maghorofa yanachukua nafasi yake. Hilo lina sababu zake: watu wameongezeka, na wanahitaji choo cha ndani na maji ya bomba. Tena nyingi zilijengwa kwa utaratibu unaojulikana sana Mombasa, nyumba ya mtu huyu juu ya kiwanja cha mtu yule; kiwanja kikiuzwa, nyumba haina mizizi. Mazungumzo haya hayakuja kuamua nani abomoe na nani asibomoe. Yamekuja kusema kwamba nyumba hiyo inaweza kupimwa leo, ingali imesimama, na bibi aliyeolewa ndani yake angali yupo wa kuulizwa.

Namna ya kuanza si ngumu. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba kwanza. Hakuna mtu anayependa kuona vijana wakizunguka ukuta wake na futi. Pima mbele, pima ubavu, pima korido, pima mlango mmoja na dirisha moja. Andika daftarini. Nyumba yenye upana wa mita 10 itakuwa na sentimita 50 kwa kipimo cha moja kwa ishirini, nayo itakaa juu ya meza ya kawaida. Mwenye kupenda vipimo vya wazee na achukue moja kwa 24: dhiraa katika hesabu ya kale ilikuwa upana wa vidole 24, kwa hiyo kila dhiraa ya nyumba inakuwa kidole kimoja mezani. Fundi wa zamani aliyejenga kwa shubiri, dhiraa na pima angeielewa hesabu hiyo bila kushika rula.

Vifaa viko jikoni. Wauza miti ya mikoko huipanga kwa unene, na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kijiti cha mishikaki chenye unene wa milimita tatu, kwa moja kwa ishirini, ni mti wa sentimita sita: hiyo ni pau. Kijiti cha meno ni fito. Penseli ya shule ya milimita saba ni sentimita 14, nayo inatosha kuwa nguzo. Kijana atakayejenga ukuta kwa vijiti hivi atajua majina haya kwa vidole. Atajua pia kwa nini vyumba vya nyumba za mawe za Mji wa Kale ni virefu na vyembamba: dari ilibebwa na boriti, na boriti ina mwisho wake. Hakuna maelezo ya kitabuni yanayoingia akilini kama pale kijiti chako cha mishikaki kinapokuwa kifupi na ukuta wa pili umekwisha kusimama.

Udongo ni mchanga uliochungwa ukachanganywa na gundi nyeupe ya mbao. Mabati ni katoni: ilowanishe, bandua karatasi ya juu polepole, na mikunjo ya ndani itajitokeza kama bati lenyewe. Kutu hupatikana kwa chai ya rangi nzito, ikipakwa kwa brashi mara mbili tatu. Jambo la kuangalia ni visu na gundi. Watoto wadogo wakate kwa mkasi, na wembe ushikwe na mkubwa. Gundi ya viatu isiingie katika mchezo huu kabisa. Madhara ya mvuke wake mtaa huu unayajua.

Ama kuhusu kushirikiana. Wengi hupenda kufanya kazi chumbani, wakatoa modeli ikiwa imekamilika, watu wapige makofi. Inapendeza, lakini kwa nyumba ya Majengo hiyo ni hasara. Modeli iliyomalizika inasifiwa na kuachwa. Modeli isiyo na paa, iliyowekwa barazani baada ya alasiri, inamfanya kila apitaye asimame. Mzee atasema mlango wa uani haukuwa hapo. Mwingine atambishia. Atatoka mama wa nyumba ya tatu aseme wote wawili wamesahau, kwani mlango ulihamishwa baada ya mvua kuangusha ukuta. Hapo ndipo muundaji anapata asichoweza kukipima kwa futi: mtungi ulikaa upande gani, nani alilala chumba cha mbele, mikeka ya arusi ilitandikwa wapi, jiko la mkaa liliwekwa wapi wakati wa mvua. Vijana wa katoni na wazee wa baraza hawana mambo mengi ya kuzungumza pamoja siku hizi. Kila upande una simu yake. Nyumba isiyo na paa inawakalisha upande mmoja wa meza.

Wasichana wasiachwe nje kwa kudhani hii ni kazi ya mafundi. Uani ndio sehemu ya nyumba iliyojaa vitu kuliko zote: kinu, mbuzi ya kukunia nazi, ungo, kifuu. Anayeijua vizuri ni aliyefanya kazi humo, na kuunda mbuzi ya nazi ya sentimita mbili yenye meno yake ni mtihani wa mkono wowote.

Si lazima kila mtu ajenge nyumba. Mwenye kupenda matatu aendelee na matatu, ila safari hii achukue rula. Mwenye mjomba baharia aunde jahazi, na ajifunze kwa mjomba huyo mkuku, mataruma, foromali na usukani, kila kimoja na mahali pake. Mchezo ukikosa raha umekwisha, na hakuna aliyewahi kuunda kitu kizuri kwa kulazimishwa.

Ikikamilika, geuza ubao wa chini. Andika kwa kalamu isiyofutika: kipimo, mwezi na mwaka, mtaa, majina ya walioiunda, na jina la yule aliyekumbuka mtungi ulikaa upande gani.