Pumu, Mzio na Homeopathia: Ushahidi Unasema Nini?

Mada kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, Birongo, Kaunti ya Kisii



1. Utangulizi

Asubuhi za Birongo ni za baridi, na jiko la kuni huwashwa kabla hakujapambazuka. Moshi ukitanda, mtoto mwenye pumu huanza kukohoa na kifua kulia mluzi. Wengine wetu husumbuliwa na mafua ya mzio, ukurutu au viungo vinavyovimba. Maradhi haya hupoa kisha yakarudi, na mgonjwa aliyechoka hujaribu kila anachoambiwa. Mojawapo ni tembe tamu za homeopathia, ambazo kliniki zake zipo hapa nchini.

2. Homeopathia si mitishamba

Daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, alitangaza wazo lake mwaka 1796: kinachomuuguza mzima kikipunguzwa mno humponya mgonjwa. Kitunguu hutoza machozi, kwa hiyo hutengenezewa dawa ya mafua ya mzio. Tone 1 la maji yake hutiwa katika matone 99 ya maji au spiriti, yakatikiswa. Tone 1 la mchanganyiko huo hutiwa katika matone mengine 99. Mara nyingi hurudiwa hivyo mpaka mara 30. Kwa hesabu za kemia, baada ya mara ya 12 hivi hakuna matumaini ya kupata hata chembe moja ya kitunguu. Mganga wetu akichemsha gome, gome limo sufuriani, liwe la kuponya au la kudhuru. Kwenye tembe ya homeopathia imebaki sukari.

3. Majaribio

Hata hivyo, dawa ihukumiwe kwa matokeo yake. Mwaka 1986, David Reilly na wenzake wa Glasgow waliwapima watu 144 wenye mafua ya mzio wa chavua, na waliopewa homeopathia walipata nafuu zaidi ya waliopewa tembe tupu. Mwaka 2000 walipima wagonjwa 51 wa mafua ya mzio ya kudumu: pua zilipitisha hewa zaidi, lakini kwa wastani nafuu waliyoieleza wagonjwa wenyewe haikutofautiana kwa uhakika.

Vipimo vingine vikafuata. Mwaka 2002, George Lewith na wenzake waliwapima watu 242 wenye pumu inayochochewa na utitiri wa vumbi. Hawakuona tofauti katika pumzi wala katika hali ya maisha. Mwaka 2003, watoto 96 wenye pumu walifuatiliwa mwaka mzima; nao vilevile. Mwaka 2015, Baraza la Taifa la Utafiti wa Afya na Tiba la Australia lilipitia tafiti nyingi, likahitimisha kuwa hakuna ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathia inautibu.

4. Kwa nini wengine hupata nafuu?

Wagonjwa hawasemi uongo. Utafiti wa mwaka 2011 Uingereza, kwa watu 83 wenye baridi yabisi, ulitenganisha tembe na mazungumzo. Kilichosaidia ni mazungumzo: kuketi na mgonjwa, kumuuliza na kumsikiliza. Tembe haikuongeza kitu. Hilo ni funzo kwetu tunaomhudumia mgonjwa kwa dakika tatu.

Kipimo hichohicho cha kulinganisha, kilichoikataa tembe, kimeipitisha chupa tupu inayotumiwa na pampu ya pumu. Mwaka 1999, Heather Zar na wenzake wa Cape Town walitoboa kitako cha chupa ya plastiki ya mililita 500, wakachomeka pampu ya pumu na kuziba kwa gundi. Mtoto akavuta dawa kupitia mdomo wa chupa. Ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

5. Mapendekezo

Kwanza, tumsikilize mgonjwa bila kumkemea, hata akitutolea tembe hizo. Pili, asiache pampu yake kwa ajili ya tembe hizo. Tatu, mama afundishwe kutumia chupa, na mtoto akae mbali na moshi. Nne, mtoto anayeshindwa kumaliza sentensi, au ambaye mbavu zinabonyea akivuta pumzi, apelekwe hospitali papo hapo.

Ndugu zangu, homeopathia imepimwa kwa haki na haikufaulu. Pampu imepimwa ikafaulu. Tuwaambie watu wetu hivyo, kwa upole na bila kuficha.