Neno la Zamani: Kuamba

Fungueni madaftari yenu. Leo tutazungumza habari za neno moja la zamani, neno kuamba. Maana yake ni kusema.

Pengine mtu atajibu, "Mimi sijapata kulisikia." Umelisikia, tena kila siku. Nenda mwaloni Kirumba asubuhi, mitumbwi inaposhusha dagaa. Mama mmoja atakuambia, "Nimeambiwa kwamba bei imepanda." Tazameni: kupika, kupikia, kuimba, kuimbia, kuamba, kuambia. Kumwambia mtu ni kusema naye. Na kwamba ni kuamba lile lile, ila u imegeuka kuwa w, kama vile ku-enda huwa kwenda. Basi mama yule ametaja kusema mara mbili katika sentensi moja, wala hana habari! Hata ambaye na ambacho yametoka humo. Na mtu asiyesikia la mtu, si twasema haambiliki?

Neno hili lina ndugu zake ng'ambo ya ziwa. Muganda husema okugamba, na Mhaya wa Bukoba vivyo hivyo. Ile g sisi Waswahili tumeipoteza. Msukuma ana neno lake mbali, kuyomba.

Lakini angalieni sana. Kuamba lina maana ya pili, nayo ni mbaya: kumsema mtu nyuma yake, kumsengenya. Tuseme mchuuzi wa dagaa wa Kirumba anamwandikia mwenzake aliyeko Nansio, Ukerewe. Anataka kuandika, "Ndugu yako ameniambia habari ya deni." Yu mbioni, chombo kinataka kuondoka, anaisahau herufi i. Barua inafika, nayo yasema, "Ndugu yako ameniamba." Vijana wengi wataona ni kosa la kalamu tu, kwa maana siku hizi kuamba peke yake halitumiki sana. Mzee anayejua Kiswahili cha zamani akisomewa, atauliza, "Kwa nini mwanangu anamsengenya mtu tunayedaiwa naye?" Na ndugu wawili watakosana kwa ajili ya herufi moja.

Sasa andikeni polepole, mstari wa kwanza: Ameniamba. Mstari wa pili: Ameniambia. Kila mmoja amsomee jirani yake mstari mmoja, naye jirani aseme kama ni habari au ni masengenyo. Mwalimu wenu atapita kusahihisha.